Matete ya Litein

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nimerudi kutoka machimbo ya mawe ya Tabaka na bakuli la mwisho, la kumi na mbili. Jiwe jeupe, halina ufa. Furaha yangu iliishia sokoni. Matete niliyopanda ndani ya mabakuli yamegeuka manjano! Yote. Mwaka mzima nimechonga, ili maji machafu ya soko yashuke bakuli kwa bakuli, mizizi ichuje uchafu, na pale chini akina mama wachote maji safi. Ufunguzi ni Ijumaa.

Jumanne, 11 Machi
Ni Kiplimo, mwenyekiti wa soko. Jumamosi alileta pampu ya shambani akapiga dawa ya magugu. Hakuficha. Eti mgeni haletwi kwa shamba lenye nyasi. Alidhani ananisaidia – hapa kwao, kwenye mashamba ya chai, kitu kisicho chai ni magugu. Nikamwuliza, si nilieleza kazi ya matete? Akasema alijua maji yanasafishwa na mawe. Na kweli, mikutano yote niliongea mawe tu. Mawe yangu! Mjinga ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Matete yameoza. Bakuli la chini linanuka dawa na matumbo ya samaki. Nimemwambia Kiplimo tuahirishe. Akasema haiwezekani, tenti zimefika, wageni wa kaunti wanakuja, mvua itaosha. Nikakubali. Nataka jina langu lisomwe mbele ya wageni, ndio maana. Naandika hapa nisijidanganye. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Saa tano. Niko nyuma ya tenti. Alfajiri Kiplimo alichomeka matete mabichi, ya kukatwa, bila mizizi. Yanapendeza kuliko yangu. Wageni wanapiga picha.

Wilkista ndiye wa kuchota kwanza. Anauza mboga pale chini. Mtoto wake alilazwa na typhoid mwaka jana, na bado ndiye peke yake aliyeniamini wakati soko zima lilisema mimi Mochama nimerukwa na akili. Leo amevaa kitenge kipya. Amekuja na madumu mawili, anaambia kila mtu leo hanunui maji. Nilipaswa kumwambia jana. Nilipita kibanda chake nikaangalia kando.

Sasa wanatangaza. Wilkista achote, lakini amekataa kubeba nyumbani kabla aliyechonga hajaonja. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Jagi limeshajaa. Amelishika kwa mikono miwili, ananitafuta kati ya tenti.

Ameniona.