Picha ya Mama Kwenye Fremu Nyeusi

Berkovitsa, 3 Februari 2014

Mwanangu Lyudmil,

Hujambo huko Munich, na kazi inasemaje? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Kabichi niliyoichachusha pipani bado nzuri, sina tu wa kula naye.

Nina shida. Blogu yetu ya masomo inakaribia kuzimwa. Wenye mitambo inayoihifadhi wanataka ada yao kabla Machi haijaisha, la sivyo wanafuta kila kitu. Unajua kwamba mimi, Mwalimu Kancho na Mwalimu Vesela hatulipwi hata senti. Tunawaandikia watoto wa vijijini ambao shule zao zimefungwa. Niliwaomba wasomaji mchango kwa adabu zote. Wengi walijibu "Mungu akubariki, mwalimu," wakaenda zao. Sasa baraka nitazipeleka benki gani?

Ukurasa uliutengeneza wewe na nenosiri unalo wewe. Liandike ombi upya, livutie watu. Na Pasaka uje, tafadhali.

Mama yako

*

Munich, 11 Februari 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, kazi tu imenibana, ndiyo maana nimechelewa.

Ombi nimelibadilisha leo. Lako lilikuwa refu, mama, watu hawasomi siku hizi. Nimeweka picha yako ile ya maabara, nikaitia fremu nyeusi, na chini yake maneno machache: "Mwalimu Stoyanka aliwafundisha watoto wetu maisha yake yote. Tusiiache kazi yake izimike." Limependeza sana. Mambo ya Pasaka tutaona.

Mwanao Lyudmil

*

Berkovitsa, 16 Februari 2014

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimekufa, labda hujasikia.

Jana Bi Tsvetana wa nyumba ya pili alibisha hodi akiwa na mshumaa na bakuli la ngano ya kuchemsha, ile ya kumwombea marehemu. Nilipomfungulia akashika ukuta. "Stoyanka, mbona unatembea?" Nikamwambia, "Na goti hili, huko nako ni kutembea?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Alipoondoka nililia.

Fremu nyeusi, Lyudmil. Picha, jina, na neno "aliwafundisha". Hapa kwetu hata mtoto anajua maana yake, kila mlango na kila nguzo ina tangazo la msiba kama hilo. La baba yako bado liko mlangoni petu, tena lina fremu ileile. Wewe umesahau kwa sababu hujapita mlango huu tangu tumzike.

Vesela, mwenye akaunti yetu, anasema pesa zinaingia kila saa. Watu wanatoa sadaka kwa ajili ya roho yangu. Liondoe leo.

Mama yako

*

Munich, 27 Februari 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usikasirike. Naapa fremu niliiweka kwa uzuri wake tu, sikuwaza msiba.

Lakini hebu tufikiri kama watu wazima. Ada imepatikana na inabaki ya miaka mingine. Ulipoomba ukiwa hai walikunyima. Hatujamdanganya mtu, maana hakuna palipoandikwa kwamba umekufa. Acha likae mpaka arobaini yako ipite, kisha nitaliondoa kimyakimya. Wewe si ndiye husema watoto kwanza? Kwa sasa usijionyeshe sana sokoni.

Mwanao Lyudmil

*

Berkovitsa, 24 Aprili 2014

Lyudmil,

Salamu. Simu zangu hukuzipokea, kwa hiyo nakuandikia jinsi mambo yalivyoisha.

Wenye mitambo walikataa kunisikiliza, walisema mwenye ukurasa ni wewe. Nikaenda kwa mpiga chapa, nikatengeneza tangazo lenye picha ileile na fremu ileile: "Stoyanka ni mzima. Aliyetoa kwa ajili ya marehemu arudishiwe chake." Nikalibandika mlangoni, chini ya la baba yako. Vesela akamwandikia kila aliyechanga. Nilitegemea wengi watasema, ziacheni, zisaidie watoto. Karibu wote walitaka pesa zao. Mwanafunzi wangu wa zamani, daktari kule Sofia, alisema alinililia wiki nzima na sasa anaona haya. Kancho haongei nami, anasema ningenyamaza tu mpaka ada ilipwe. Labda ni kweli. Machi ikaisha, masomo yakafutwa yote, yangu na ya Kancho na Vesela.

Siku ya Pasaka alikuja msichana mmoja, Rumyana, kwa basi kutoka kijijini kwao. Alikuwa amefika katikati ya somo la asidi ukurasa ulipozimika. Tulimalizia mezani jikoni, tukagonganisha mayai mekundu kama desturi ya Pasaka, lake likavunja langu. Sahani ya tatu niliyokuwekea wewe niliirudisha kabatini. Atarudi Jumamosi, na wenzake hawana nauli.

Waliochanga nimewarudishia mmoja mmoja, kwa hiyo nawajua wote. Watu baki walitoa wakidhani nimekufa. Wewe ulijua niko hai, ukaniambia nijifiche. Kwako sikuwa na cha kurudisha, maana hukutoa kitu.

Siku nikifa kweli, Bi Tsvetana atabandika tangazo. Usijisumbue na picha.

Mwalimu Stoyanka