Mawe ya Kaburini Kwenye Tangi la Mama Mkwe

Shangazi wa gazeti, naomba unisitiri jina na unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali usianze kucheka mpaka ufike mwisho, maana mimi mwenyewe ningekuwa jirani ningecheka.

Mimi ni fundi wa makaburi, najengea, naweka marumaru, nachonga majina, na sijawahi kupata mteja akarudi kulalamika, ila mama mkwe wangu kazi hii hajawahi kuipenda tangu nilipomposa binti yake, nikiingia tu sebuleni anajiweka sawa kitini na kuwaambia wageni huyu ndiye mkwe wangu, anakuja kunipima, wageni wanavunjika mbavu nami nacheka nao huku naumia. Sasa baba mkwe alipofariki miaka miwili iliyopita kaburi lake nilijenga mimi kwa mikono yangu, nikamwaga juu zile changarawe nyeupe za marumaru, na mama akanishukuru kwa sauti ndogo, akawa anakwenda kila Jumapili anakaa pale, akirudi nyumbani hasemi na mtu, anatazama ukuta tu. Nikaona nimpelekee kitu chenye uhai, tena kinachozaa, ili angalau mara moja niingie nyumba ile na kitu kisichohusiana na kuzikwa, ndipo nikanunua tangi la kioo na samaki wadogo wa mapambo, hawa wanaoitwa gapi, madume yao yana mikia mipana ya rangi kama wamealikwa harusini.

Yule muuza samaki alinishauri vizuri tu, Shangazi, siwezi kumsingizia, alisema chukua changarawe ndogo za mviringo, za kahawia, na mimea hai ya majini, lakini mimi ujuaji ukanipanda kichwani, nikamwambia ndugu yangu, nimekula vumbi la mawe miaka kumi na minne, sitafundishwa mawe na mtu anayeuza samaki wasiolika. Nikaenda karakana nikakuta nusu mfuko wa zile changarawe zilizobaki kwenye kaburi la mzee, nyeupe pepepe, nikazimwaga humo. Kwa upande wa mimea nikachukua maua ya plastiki yaliyobaki kwenye mashada, mawaridi ya zambarau yenye vikonyo vya waya, nikayachomeka yakapendeza kweli, halafu ili vichanga vya samaki vipate pa kujificha nikaweka kipande cha kibao cha kaburi nilichokosea mwaka mteja akakikataa, nikakilaza kifudifudi kwa sababu upande wa pili kimeandikwa PUMZIKA.

Shangazi, mama alifurahi mpaka nikaona haya. Akahamisha kiti kutoka ukutani akakiweka mbele ya tangi, akawapa samaki majina ya viongozi wa kikundi chao cha akina mama, yule mnene anayekula vya wenzake akawa mweka hazina, na kwa mara ya kwanza nikasikia mama mkwe wangu anacheka jambo lisilonihusu. Siku moja akaniuliza, "Mkwe wangu, haya mawe umeyatoa wapi?" Nikamwambia ni mawe maalumu ya samaki, yanachimbwa chini ya bahari, yanaletwa na meli. Akaitikia aa, akanyamaza. Ameniuliza mara tatu mpaka leo na mara zote nimempa bahari ileile.

Tangi lilipoingia mwezi wake wa pili mikia ikaanza kuchanika, maji yakawa na harufu na kaurangi ka zambarau, wakafa watatu, kisha watano, mweka hazina naye akaondoka. Mama akatafuta mchawi, na aliyekuwa karibu ni shemeji yangu mdogo, binti yake wa mwisho, mshona nguo anayeishi naye na ndiye anayewalisha samaki asubuhi. Mama akasema anawalisha kwa mikono yenye mafuta ya cherehani, siku nyingine akasema anafanya makusudi, ana wivu kwa kuwa zawadi imetoka kwa mkwe. Shemeji akaapa, akalia, akawa ananawa mikono mpaka ngozi ikapauka, haikusaidia, sasa ni wiki tatu mama na binti hawasalimiani ndani ya nyumba moja, na shemeji amepata chumba mbali, anahama Jumamosi. Juzi alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Shem, wewe unanijua. Mimi nimewafanya nini samaki?" Nami nikamjibu labda ni baridi ya maji.

Mke wangu hajui kitu. Nikisema ukweli, mama atajua kwamba miezi yote hii alikuwa anafurahia mabaki ya kaburi la mumewe, na mimi nitaitwa mchawi mpaka nife, tena sijui atakayenijengea. Nimefikiria niingie wakiwa hawapo nibadilishe vitu vyote kimyakimya. Ama unipe uongo ulionyooka kuliko wangu, maana huu wa bahari umeshachoka.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Mawe.

SHANGAZI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Mawe, nilicheka pale kwenye PUMZIKA, nisikudanganye. Samaki hata hawajazaliwa umeshawawekea kibao. Lakini nilipofika kwa shemeji yako anayenawa mikono nilifunga mdomo, na wewe ulipaswa kuufungua wako siku hiyohiyo.

Tuanze na samaki, maana hao ni rahisi. Waliokufa umewaua wewe. Waya wa maua ya mashada unashika kutu ndani ya maji na unachana mikia, na ile rangi ya zambarau unayoisifu sasa wanaivuta puani. Changarawe zako zimesagwa kwa mashine, zina makali na ni kubwa, kwa hiyo chakula kinazama katikati yake na kuoza. Marumaru peke yake wala isingewadhuru sana, gapi hawachukii maji yenye chokaa, hiyo ni bahati ambayo hukuifanyia kazi. Miaka kumi na minne umeweka mawe juu ya watu wasiohitaji kupumua, ukadhani ni mawe hayohayo kwa anayepumua. Muuza samaki alikupa elimu ya bure ukamtukania biashara yake. Rudi kwake na umwombe radhi.

Ukiwa hapo, chukua alichokuambia: changarawe za mviringo, punje kama za mtama, za rangi iliyofifia ili mikia ndiyo ionekane. Zisuuze kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, na sabuni usiiguse. Zitandaze kina cha vidole vitatu mizizi ipate kushika. Nyuma panda mimea yenye majani marefu kama utepe, mbele weka kuvumwani ya majini, ile nyororo inayojazana, kwa sababu gapi jike akizaa huwageukia wanawe akawala, na vichanga vinahitaji mahali penye msongamano. Kibao chako hakiwahusu.

Hayo lakini hutayafanya kimyakimya, na uongo kwangu hupati. Ukibadilisha tangi wakiwa hawapo, samaki watapona na binti atakuwa ameshahama. Mama ataona samaki wamepona baada ya binti yake kuondoka, na hapo utakuwa umempigia muhuri kwamba mchawi alikuwa yeye. Umelifikiria hilo, fundi? Hukulifikiria, kwa sababu ulikuwa unafikiria utaitwaje.

Sasa hilo la mawe linalokunyima usingizi. Mwanamke amekaa mbele ya changarawe hizo kila Jumapili kwa miaka miwili. Ameziona zikiwa zimelowa, ameziondolea majani, amezijua kuliko wewe uliyezimwaga. Halafu unampelekea nusu mfuko wa hizohizo sebuleni na kumwambia zimekuja na meli. Simjui mama mkwe wako na siwezi kula kiapo, lakini mtu anayeuliza swali moja mara tatu na kunyamaza mara tatu mara nyingi jibu analo. Alihamisha kiti akakaa nazo. Wewe ndiye unayeona ni mabaki. Mwambie zilikotoka, kisha umuulize anataka ziende wapi. Akisema zirudi kwa mzee, zibebe. Akisema zikae kwenye bakuli dirishani, nyamaza na utafute bakuli.

Lakini usianze na mawe. Nakujua, utaanza na marehemu, utaingiza majonzi, utalia kidogo, na mwisho wote watakuwa wanakubembeleza wewe huku shemeji amesimama pembeni. Kaa nao wote watatu, mama, mkeo na shemeji. Weka mezani lile ua lenye kutu. Neno lako la kwanza liwe hili: "Shemeji hana kosa, samaki nimewaua mimi." Ukishalisema, funga mdomo na umwache mama amtazame binti yake kwa muda wowote atakaotaka. Mambo ya uchawi wataongea baadaye, na ukiitwa mchawi mwezi mzima utavumilia, mwenzio amevumilia wiki tatu bila kosa.

Jina nimekusitiri kama ulivyoomba, ila sikuona namna ya kusitiri kazi yako. Mafundi wa makaburi waliopeleka samaki ukweni siamini kama mko wawili. Kwa hiyo kama unasoma hapa, kuna mtu mwingine ukweni kwako naye anasoma, na huenda ameshafika aya hii. Acha patasi, vaa viatu, nenda sasa hivi. Na ukikuta cherehani ya shemeji imeshafungwa kamba mlangoni, ibebe wewe mwenyewe uirudishe chumbani kwake kabla hujamsalimia mtu.