Mke Wangu Bado Anaweka Jiwe Nyuma ya Tairi

Mama Luisa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Litembo, naomba unisaidie kabla sijagombana na mke wangu Aurelia, maana tangu wanunuzi binafsi waanze kufika huku kahawa imetulipa vizuri nikanunua pikapu kuukuu, na milima yetu unaijua, hendibreki, ile breki ya mkono, ilikuwa haishiki kabisa, ikawa kila tukisimama Aurelia anaruka chini na jiwe lake kuliweka nyuma ya tairi, jiwe lenyewe linakaa chini ya kiti. Basi nikasema fundi wa nini, siku hizi spea zimejaa Mbinga mjini, nikanunua brekishuu, vile vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani, nikapiga jeki, nikatoa dramu ya gurudumu mwenyewe, nikafunga kila kitu kwa mikono yangu hii ya kuchuma kahawa, na sasa nikivuta ule mkono unakaza kweli, Mama, nilijisikia mwanaume! Lakini Jumapili tumefika kanisani, pale kwenye mteremko, nimevuta hendibreki, nimeacha gia ya kwanza kama kawaida yetu, nashuka kifua mbele, namkuta Aurelia keshaweka jiwe, watu wanatazama, jirani yangu Isidori akacheka, "Fundi, na jiwe nalo ni spea?" Nikalipiga jiwe teke, na gari halikusogea hata kidogo, wote wameona. Sasa mama mkwe anakuja kutoka Mbaha kwa ubatizo wa mwanetu, mimi ndiye wa kumfuata, na Aurelia amesema mama yake hapandi gari hilo mpaka fundi Wendelin alikague, na jiwe liwemo. Je, nikubali kudharauliwa nyumbani kwangu?

Bernadi, Litembo

Marahaba, Bernadi. Kwanza hongera, tena kwa moyo wote. Mkulima kufungua dramu mwenyewe na kuifunga bila kubakiza springi chini, hilo si jambo dogo. Ringa, una haki.

Ila umemwandikia mjane wa dereva wa lori. Umesema mwenyewe uliacha gia ya kwanza. Sasa pale kanisani gari lilishikwa na nini, brekishuu zako au gia? Hujui! Wala Aurelia hajui. Mmezoea gia na jiwe, hendibreki hujaijaribu peke yake hata siku moja. Halafu unapiga jiwe teke watu wakiwa wamejaa nyuma ya gari. Hapo umeniudhi, baba. Uliringia kazi ya gia.

Sikiliza. Mwite Wendelin afungue magurudumu yote mawili ya nyuma, na wewe uchutame hapo hapo naye, spana mkononi. Kama umekosea, atakuonyesha. Kama umepatia, atasema mbele ya Aurelia. Kisha nenda mteremko usio na watu, kaa kwenye usukani, mguu karibu na breki, gia weka frii, hendibreki ibaki peke yake. Gari likitulia, nenda Mbaha ukamfungulie mama mkwe mlango wa mbele.

Na jiwe libaki chini ya kiti. Marehemu mume wangu alitembea na kabari ya mti mpaka akastaafu, na hakuna aliyemdharau. Aurelia anapanda gari hilo na mtoto mgongoni, mwache aogope. Iko siku mtafika kanisani, atashuka na mwanao, ataingia ndani moja kwa moja bila kugeuka kutazama tairi. Siku hiyo ndiyo utembee kifua mbele.