Kitufe Namba Nne

Jumatatu, 4 Machi

Maoni mia tatu na arobaini kabla ya chai ya saa nne. Macho yanawaka. Habari kubwa kwenye ukurasa wa teknolojia leo ni simu mpya yenye betri ya ajabu. Mwandishi wetu kaweka kichwa: "Betri ya Masaa Ishirini." Nikajua tu. Hazikupita dakika tano, yule msomaji anayejiita Herufi Kubwa huyo! Kwamba ni saa ishirini, si masaa, na kwamba gazeti lisilojua kuhesabu saa lisitufundishe habari za betri.

Na Herufi Kubwa akitokea, Waya Mtupu hayuko mbali. Kwamba lugha ni ya kuelewana mwalimu, sisi wote tumeelewa, umebaki wewe. Herufi Kubwa naye: kijana, weka nukta kwanza ndipo tubishane. Basi. Maoni sitini chini ya habari ya simu, na simu yenyewe hakuna aliyeigusa. Miaka minne nawasoma hawa wawili, kila siku ya Mungu. Sura zao sizijui, majina yao ya kweli siyajui. Najua tu kwamba Herufi Kubwa huamka kabla ya jogoo, na Waya Mtupu hatumii nukta hata umpigie magoti.

Kazi yangu kwa jina la heshima ni msimamizi wa maoni. Kwa jina la kweli, mfagiaji. Vitufe sita. Moja, pitisha. Mbili, matusi. Tatu, matangazo. Nne, nje ya mada. Tano, uongo. Sita, namba za simu na siri za watu. Zamani nilikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya gazeti kuchapwa, miaka kumi na tisa, rula mkononi, mstari kwa mstari. Gazeti la karatasi likafa, wakanileta huku. Rula ninayo bado, hapa mezani.

Mume wangu kaniuliza tena kama kweli mtu mzima anaweza kuajiriwa kusoma ugomvi wa watu. Nikamwambia ndiyo, na nikirudi nyumbani nasikiliza ugomvi wake na jirani.

Jumanne, 5 Machi

Nimechoka mpaka kope. Mwenzangu wa zamu anaumwa, foleni zote mbili zimeniangukia mimi.

Raha moja tu leo. Kwenye habari ya programu ya kutafsiri yameingia maoni marefu ya Herufi Kubwa — mistari minane, kila koma mahali pake, kosa hakuna hata la kusingizia. Nikaweka rula kwenye skrini, nikayapitia kama enzi zile. Safi! Siku hizi nani anaandika hivi? Ila hayakuwa na lolote kuhusu programu. Mambo yake na Waya Mtupu, kama kawaida. Namba nne. Nikaendelea.

Jumatano, 6 Machi

Herufi Kubwa hajaonekana. Waya Mtupu kamwita mara tatu chini ya habari ya satelaiti. Mwalimu uko wapi, leo darasa halina mwalimu. Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka kidogo. Kisha foleni ikajaa tena.

Ijumaa, 8 Machi

Leo Waya Mtupu kaanza mchezo mpya. Anatega! Anaandika makosa ya makusudi, tena yale ambayo Herufi Kubwa hawezi kuyavumilia. "Simu hii inauwezo", "nyimbo hii", "vitabu hizi". Kisha anaongeza: mwalimu umeona hiyo au nikuongezee nyingine. Kaandika kumi na saba, nimeyahesabu. Kama mtu anayemwaga mtama uani ili kuku wake arudi.

Wasomaji hawakuelewa. Wamemshtaki, wanasema anaikejeli lugha. Shitaka la kwanza tangu nimjue. Nimelipokea, nimelipatia namba, nimeliweka.

Herufi Kubwa kimya. Labda kasafiri. Labda kachoka na sisi, na simlaumu. Mimi mwenyewe nikipata pa kwenda nitaenda.

Jumatatu, 11 Machi

Waya Mtupu kaharibika kabisa. Kamwita mwenzake mwoga. Kamwita kalamu nyekundu iliyokauka wino. Asubuhi hii kaandika: kama umekufa si useme tujue. Mashitaka matatu sasa, na kwa kanuni zetu matatu ni akaunti kufungwa. Mkuu wa dawati kapita mezani kwangu, kataka nikusanye ushahidi wote wa wiki, hata ule uliofutwa, kesho saa sita afunge.

Nilichosikia moyoni? Nafuu. Mgomvi mmoja apungue. Naandika hivi hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 12 Machi



Nilifungua pipa la maoni yaliyofutwa, nikatafuta kila palipotajwa Waya Mtupu. Yakaja matusi yake yote. Na chini kabisa, tarehe tano, ile mistari minane. Nimeinakili hapa kama ilivyo:

"Ndugu Waya Mtupu, leo sina la kusahihisha. Alhamisi naingia chumba cha upasuaji, ni moyo. Hospitali wamenipa fomu, na kwenye fomu kuna mstari wa mtu wa karibu, wa kupigiwa simu lolote likitokea. Siku ya pili sasa nauangalia mstari huo. Nimewapitia wote ninaowajua walio hai, na mtu pekee ninayezungumza naye kila siku ni wewe. Kama hutaona vibaya, niandikie hapa chini jina lako halisi na namba yako. Usipojibu, nitaelewa."

Nilisoma. Wiki nzima iliyopita nilikuwa nimeshasoma! Kwa rula! Mstari kwa mstari, nikitafuta kosa. Miaka kumi na tisa walinifundisha hivyo — msahihishaji akianza kufuata maana, herufi zinampita. Basi mimi sikupitwa na herufi hata moja. Mtu kaniwekea moyo wake mezani, nikamsifia koma.

Na hata Waya Mtupu angejibu, ningefuta namba yake. Kitufe cha sita.

Nilikwenda kwa mkuu wa dawati. Nilimweleza yote. Alisoma, akasema masikini. Kisha akasema kwa kanuni sikukosea, maoni yalikuwa nje ya mada kweli. Nikamwambia turudishe, au tumwandikie Waya Mtupu. Akakataa. Kwamba tukianza kuingilia maisha ya wachangiaji hatutamaliza, kwamba taarifa zao za usajili hazitoki nje, na atakayezitoa atatoka nazo. Hakuwa mkali. Hata mlango alinifungulia.

"Kwa kanuni hukukosea." Angenitukana ningepumua.

Nilirudi mezani. Akaunti ya Waya Mtupu sikuiacha ifungwe, nikaandika kwamba ushahidi haujatimia. Nikamwandikia barua pepe kwa jina langu la kweli, kutoka kwenye simu yangu, kwa anwani aliyowahi kutumia kulalamika dawatini. Nilianza mara saba. Mwishowe nikaandika mistari miwili tu: mimi ndiye ninayefuta maoni, na nina kitu chako.

Nyumbani mume wangu kaniona, kazima redio mwenyewe. Nikamsomea yale maneno. Hakufanya mzaha. Baada ya muda kaniuliza kwenye fomu mimi ningemwandika nani. Nikamwambia wewe, mtu mzima. Akasema haya, akawasha redio. Nimelia jikoni.

Jumatano, 13 Machi

Waya Mtupu kajibu saa moja asubuhi: "njoo nyuma ya posta mlango wa bluu". Bila nukta.

Nimekwenda saa ya mapumziko. Kibanda cha kutengeneza simu, meza moja, taa ya kuinama, chaja zimening'inia ukutani. Nilitegemea kijana mwenye kofia. Nikakuta mtu mzima, mvi kunizidi, miwani mbili — moja machoni, moja kwenye paji la uso.

"Karibu, dada. Ndiyo wewe unayenifutia?"

"Ndiyo mimi."

Nikampa karatasi niliyochapa. Kavua miwani ya machoni, kashusha ya pajini. Kasoma. Kasoma tena. Mteja kaja na simu iliyopasuka kioo, yeye hata hakuinua kichwa, mteja kaondoka.

"Hii ya lini?"

"Tarehe tano."

"Leo kumi na tatu."

"Leo kumi na tatu."

Kaivuta stuli ili akae, kisha kanipa mimi. Yeye kabaki kasimama.

"Miaka minne ananiita kijana," kasema. "Nina sitini na moja. Sikumwambia. Nilikuwa nafurahi kuitwa." Kisha, polepole: "Kwa hiyo huko aliko anajua niliona nikanyamaza."

"Kosa ni langu. Nilisoma nisielewe."

"Na mimi juzi nikamwambia kama amekufa aseme."

"Hilo nalo hakuliona."

"Wewe uliliona."

Hakunifokea. Kaniuliza tu kama najua hospitali gani. Sijui. Jina lake? Sijui. Namba? Hapo nikainama. Namba ipo, kwenye usajili wake. Nikamwambia nikiitoa, kazi sina. Kakubali kwa kichwa. Kasema siwezi kukuomba hilo, dada. Afadhali angeomba.

Jumatano — baadaye kidogo, ofisini

Nimefungua usajili. Jina kamili la Herufi Kubwa sasa nalijua, sitaliandika hapa. Kazi: mpiga chapa mstaafu. Kumbe tulikuwa majirani wa fani! Labda kuna kurasa alizochapa yeye nikazisahihisha mimi, nani ajuaye. Hakuna karatasi inayoruhusiwa kutoka dawati letu. Nimeiandika namba kwa penseli nyuma ya rula. Nikatoka na rula mkononi, mbele ya mkuu wa dawati. Kaniaga vizuri tu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa kibandani, kwenye ile stuli. Sikwenda kazini. Nimetuma ujumbe kwamba naumwa, na si uongo sana.

Asubuhi tulipiga kwa simu yangu. Imezimwa. Saa tatu, imezimwa. Waya Mtupu alikuwa akifungua simu ya mtu na kuifunga bila kuitengeneza. Kasema Herufi Kubwa hawezi kuacha simu izime, aliwahi kumgombeza mwaka mzima juu ya kuchaji mpaka mia.

Saa nne na robo ikaita. Sote wawili tukasimama.

Kapokea mwanamke. Muuguzi. Kasema simu ya mgonjwa ilikuwa imezima siku nyingi, leo ndiyo kaichomeka kwenye umeme, labda mtu wake atapiga. Mwenye simu hawezi kuzungumza. Nikamuuliza vipi hali. Akaniuliza kwanza: "Nyinyi ni nani wake?"

Mimi ni nani wake? Nilimwambia tunasoma anachoandika. Upuuzi!

Muuguzi akashusha pumzi, ya mtu aliyeko kazini tangu jana. Kasema hawezi kutoa habari ovyo. Kwamba fomu ya huyu mzee imewasumbua wodi nzima, sehemu ya mtu wa karibu kaandika kitu kisichoeleweka na namba hakuweka. Walidhani ni mambo ya umeme. Juzi wakamwita fundi umeme wa hospitali, kaangalia nyaya zote za kitanda, kaona hazina tatizo.

"Kaandika nini?" nikauliza, na nilishajua.

"Waya Mtupu. Kwa herufi kubwa, na nukta mwishoni."

Nikaiweka sauti juu. Waya Mtupu kafuta mikono kwenye suruali, kaishika simu yangu kwa mikono miwili kama kitu kinachomwagika.

"Ni mimi huyo," kasema. "Mwanangu, Waya Mtupu ni mimi. Nilichelewa kujibu."

Kisha muuguzi: "Usikate, baba. Daktari alisema akipatikana mtu wake nimwite hapo hapo. Usikate."

Hakusema kwa nini. Hatukuuliza.

Dakika ya sita sasa. Simu iko mezani katikati ya bisibisi, tunasikia wodi: kikohozi, gurudumu la toroli, mlango. Betri yangu imebaki asilimia nne. Waya Mtupu anatafuta chaja ukutani, chaja zisizopungua hamsini, na haioni inayoingia. Nimemwonyesha kwa rula. Anasema ipi, dada, ipi?

Kuna mtu anakuja kule wodini, nasikia viatu. Kaishika simu ya huko. Anasema halo