Mlangoni pa Kanisa Kuu la Kordoba

Mama,

Goti linaendeleaje? Tumesharudi Dubai, ndipo naposta kadi hii ya Kordoba, Uhispania. Hilo pichani ni kanisa kuu, zamani lilikuwa msikiti. Asubuhi nzima nilisukuma kigari cha mtoto wa madam kwenye vichochoro vya mawe, karatasi ya maombi ya jumuia yetu, yenye majina yenu, ikiwa mfukoni, niwawashie mshumaa humo. Tulipofika madam akasema, "Subiri hapa na mtoto." Wakaingia yeye na sir, ambao hata si Wakristo, wakapiga picha saa nzima. Walipotoka nikaomba dakika mbili tu. Madam akasema, "Khalas, yatosha, mtoto ana njaa." Basi majina yenu nikayasoma njiani, nikisukuma.

Nibusie mwanangu Imani. Jumuia wakiuliza, waambie mshumaa niliwasha. Wewe tu ujue niliachwa mlangoni kama mwavuli.

Mwanao,
Njeri