Swala wa Dola

Dada Rehema, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mikumi, na hasira hazijanitoka. Unaujua utafiti wangu, zile hesabu za jinsi bustani za wanyama zitakavyolisha simba shilingi ikishuka. Leo, langoni kwa bustani moja, nikampigia profesa wangu: "Nimebaki na suala moja tu, la dola."

Mlinzi akasikia swala. Akanizuia, eti nauza swala kwa dola. Nikamwambia suala ni "la", swala ni "wa".

"Usinifundishe Kiswahili. Fungua begi."

Humo mlikuwa na nyama ya mbuzi ya kuchoma niliyomnunulia mama huko Kilosa. Mlinzi na wenzake wakaionja mpaka ikaisha, ndipo wakakubali kuwa ni mbuzi.

Msalimie mama, mwambie nampenda, ila nyama yake imekwenda na utafiti.

Mdogo wako, Tumaini