Salamu za Mnarani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa nacho mlipokuwa mkijenga mitambo ya upepo huku kwetu kimekuacha. Sisi tunavuta pumzi. Mama bado anafanya usafi zahanati, na wiki za zamu hulala hukohuko, kwa hiyo nyumbani tuko mimi na Bibi. Bibi hajatuma salamu, na sababu yake utaisoma.

Kuna jambo sijakuambia: tangu uondoke, mimi ndiye niliyekuwa nikila chakula chako.

Unakumbuka siku ile ulivyomwinamia Bibi, ukaelekeza mkono dirishani, ukamwambia asijali, unakwenda kazini kwenye mitambo? Wewe ulimaanisha ile ya mbali ambayo kikosi chenu kilikuwa kinakwenda kuijenga. Bibi, na macho yake ya ukungu, aliona kitu kimoja tu cheupe, mnara wa mtambo ulio nyuma ya jiko letu. Alishasikia kwamba mafundi huingia kwa mlango mdogo wa chini na kupanda kwa ngazi za ndani. Akaamini umeingia humo.

Mapanga ya mtambo yakizunguka, alisema mjukuu wake yuko kazini. Yakienda kasi, alilalamika kwamba mabosi wanakukamua. Mama alicheka, akasema tumwache, mzee hatiwi huzuni bure, na wewe si ungerudi baada ya miezi michache. Simu zako, kabla hamjaingia huko kusiko na mtandao, hazikusaidia. Bibi hashiki simu. Alisema hawezi kuongea na kibati wakati mwenye sauti yuko nyuma ya jiko, mvivu wa kutembea.

Basi kila nilipotoka shule alinipa sahani iliyofunikwa nikupelekee. Mara ya kwanza nilikaa chini ya mnara, kwenye vidato vya chuma, nikiwa sijui la kufanya. Nikala. Niliporudi aliniuliza umesemaje. Nikasema umeshukuru, ila viazi vimezidi chumvi. Bibi alicheka akashika mbavu, akasema ndiye huyohuyo, mdomo haujapona.

Nikaendelea. Usinihukumu haraka, Kaka. Majirani wote walihamishiwa ng'ambo ya uzio wa mitambo kwa sababu ya kelele. Kwetu mstari wa wapimaji ulipita kando ya choo, tukabaki. Kwa fundi cherehani imebaki sakafu tu, na mbuzi wasio na mwenyewe hulala pale ilipokuwa cherehani. Shuleni wananiita Kobe kwa kuwa kichwa changu kiko ndani ya kitabu siku zote. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini halitoki. Pale chini ya mnara, nikitunga utakachosema, maneno yalikuja yenyewe. Wewe wa mnarani ulikuwa mcheshi. Uliniuliza nimesoma nini, ukasubiri nijibu. Wewe wa kwenye simu ulikuwa ukisema mzima, haya, salimia, basi.

Kisha mtambo ukasimama. Yule fundi mwanamke mliyemwita Twiga alikuja na pikapu, akapanda, akashuka akisema beringi kubwa inayozungushia mapanga imekufa na nyingine itatoka ng'ambo, lini, hajui. Kwanza Bibi alifurahi kwamba umepata likizo. Alitandika kitanda chako, akaketi mlangoni kukungoja. Jua lilipopungua akaniuliza, kazi imesimama, mbona haji kula nyumbani? Nikasema umechoka. Kesho yake nikasema unasafisha vifaa. Baada ya hapo uongo ukaniishia.

Bibi akaacha kula. Alisema mtu hakai hatua chache kutoka kwao asiingie, ila awe ameudhiwa. Akaanza kunihoji alikukosea nini. Akanituma niende nikuombe radhi kwa niaba yake. Hilo, Kaka, sikuliweza.

Juzi alasiri nilimwambia yote: kwamba uko mbali, kwamba salamu nilizitunga mimi, na chakula nilikila mimi. Aliuliza kama na lile la chumvi lilikuwa langu. Nikasema ndiyo. Akaguna kwamba viazi vile havikuwa na chumvi nyingi. Akageukia ukutani akalia, na mimi sikumgusa, kwa sababu sikujua kama bado naruhusiwa.

Sasa lililo zito kuliko hayo, ambalo hata yeye sikumwambia. Mama alikuwa ananituma kila mara nikuandikie urudi, angalau Bibi akushike mkono. Nilikuwa namwambia nimeshaandika. Sikuandika. Niliogopa kwamba ukirudi wewe wa kweli, yule wa mnarani ataondoka, na mimi nitabaki bila mtu wa kuzungumza naye. Nisamehe. Hii ndiyo barua yenyewe, imechelewa. Njoo, hata kwa siku moja.

Jana jioni Bibi aliniita. Alikunywa uji kidogo, akasema salamu za mnarani zimekwisha, basi nimpe habari zangu mwenyewe. Nikamwambia sina rafiki. Hakunipa ushauri. Alisogea ukutani, akanipisha kitandani.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama soksi alizompa Twiga akuletee zilikufika. Wasalimie wenzako wa kikosi, hata wasionikumbuka.

Leo asubuhi nilikwenda barabarani, nikaipungia mkono pikapu ya Twiga mpaka ikasimama, nikamuuliza kwa sauti yangu mwenyewe kikosi chenu kiko wapi. Aliniandikia kwenye kiganja. Nikarudi nyumbani, nikafungua dirisha la jikoni linaloutazama mnara, nikaketi kukuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe